Mtaa Uliosogea Juu

Puto la asubuhi lilijazwa gesi milango ya banda ikiwa wazi pande zote mbili. Mrushaji alivaa gauni la pamba, kwa sababu nguo za nailoni zikisuguana hutoa cheche, na haidrojeni haina utani na cheche. Pete, saa na hereni zake alizivua akaziacha kwenye kibakuli dirishani. Puto lilianza likiwa limelala mezani kama soksi iliyovuliwa, likafura taratibu, likajiinua, likasimama, mwisho likamzidi kimo. Alilifunga shingo kwa uzi, akaning'iniza chini yake mwavuli mdogo mwekundu, na chini ya mwavuli kisanduku cheupe chepesi kuliko mkate. Ndani ya kisanduku mlikuwa na vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, pamoja na redio ndogo ya kutuma habari kituoni. Puto likishapasuka huko juu, mwavuli ndio hukirudisha kisanduku chini bila kumvunja mtu kichwa.

Alitoka navyo nje, akageuza shavu kuusikia upepo, akaachia.

Watu wengi wakiachia puto husimama kulitazama mpaka liwe nukta. Yeye hakusimama. Alirudi ndani, akatazama kompyuta, akatoka, akaingia tena, akamimina chai, akaisahau. Kituo kizima cha hali ya hewa kilimwita Mguu-na-Njia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameketi akamaliza kikombe. Alikula amesimama. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba alilalamika kwamba mpangaji huyu anamchakazia sakafu.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa bondeni, chini tu ya kilima cha kituo, katika mtaa wa nyumba za bati ambako mama yake alishona sare za shule barazani. Ni hapo barazani, miguu ikining'inia, alipokuwa akiyatazama maputo yakipaa na kuapa kwamba siku moja atayarusha yeye. Mamlaka ya hali ya hewa ikamwajiri, halafu ikampeleka ng'ambo kusomea maputo makubwa, yale yanayofika mahali ambapo mbingu ni nyeusi mchana kweupe. Aliporudi na cheti chake aliteremka kwanza bondeni, begi mkononi, asikute mtaa. Palikuwa na majani mafupi na uzio wa waya.

"Umehamishwa," mkuu wa kituo alimwambia. "Banda la gesi haliwezi kukaa karibu na majiko ya watu. Ni kwa usalama wao."

"Umehamishiwa wapi?"

"Panashughulikiwa."

Ofisi ya ardhi nayo ilisema panashughulikiwa. Ofisi ya makazi ilisema suala liko ofisi ya ardhi. Simu ya mama haikupatikana, wala ya jirani yeyote. Kaka yake mkubwa, kinyozi mwenye kibanda kando ya barabara itokayo bondeni, ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuwaona. "Walielekea juu," alisema, akawasha mashine ya kunyolea ili asiulizwe zaidi. Basi Mguu-na-Njia akaenda mitaa ya juu, ile yenye lami na miti iliyopandwa kwa mstari. Akagonga mageti, akabwekewa na mbwa, akaulizwa kama anatafuta kazi ya kufua. Kila siku ya mapumziko alichukua mtaa mwingine. Hakuna aliyekuwa ameona watu wakipita na vitanda.

Hiyo ndiyo sababu hakukaa kitako. Aliona kila anapokaa, ndipo mama anapozidi kuwa mbali.

Puto la asubuhi hiyo lilipanda vizuri. Lilipita mawingu, likapita pale penye baridi kali kuliko penginepo, likaingia tabaka linalofuata, ambako hewa ni nyembamba na kavu, na mvua na ngurumo zote zimeshaachwa chini. Mstari wa unyevu kwenye kompyuta ulipaswa kulala chali. Uliinuka. Halafu puto likaacha kupanda. Lilisimama mahali pamoja kama mtu aliyeshikwa shati, na kipimo kikaonyesha joto la jikoni. Baada ya muda likaachiwa, likaendelea na safari yake, likapasuka mahali pa kawaida.

"Kosa la chombo," alisema mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni, aliyependa mistari inyooke.

Puto la kesho yake likafanya vilevile. La kesho kutwa pia. Ndipo dereva wa kituo, ambaye kazi yake ilikuwa kufuata visanduku huko vinakoangukia, akarudi na kimoja mkononi. Dereva huyu walimwita Polepole kwa sababu ya mwendo wake wa kasi.

"Dada Mguu," alisema, "hiki kimerudi kimevaa."

Mwavuli wa kisanduku hicho ulikuwa na mpasuko wa zamani uliozibwa kwa gundi. Sasa gundi ilikuwa imebanduliwa, na mahali pake pameshonwa kiraka cha pazia la maua. Mguu-na-Njia alipitisha kidole juu ya mshono. Zilikuwa nukta fupifupi, kila ya tatu imerudi nyuma kuikaza ya kwanza, na mwisho wa uzi haukukatwa kwa mkasi, ulikatwa kwa meno. Aliketi sakafuni. Polepole hakuwa amewahi kumwona ameketi, akatoka nje kwa heshima.

Mkuu wa kituo alipoona mwavuli aliugeuza huku na huku.

"Nani ameshona?"

"Mama yangu."

"Kiraka kinaongeza uzito," alisema mkuu, akaurudisha.

Jioni ile Mguu-na-Njia alikwenda kwa kaka yake. Kibanda kilikuwa na mteja mmoja, ametulia chini ya shuka, macho yamefumbwa.

"Mama yuko juu," alisema Mguu-na-Njia.

"Si nilikuambia walielekea juu?"

"Nilidhani mitaa ya juu!"

"Mitaa ya juu ina mageti," alisema kaka. Alipuliza nywele kwenye mashine. "Walipita hapa mbele vitanda vichwani, wamezungushwa mji mzima. Nilikuwa na mteja, nimeshamnyoa nusu kichwa. Nikasema nimalize kwanza, nitoke nikambebee mama cherehani. Nilipotoka walikuwa wameshapita nyaya za umeme."

"Hukumwita?"

"Nilimwita. Mikono yake ilikuwa na cherehani. Akaniitikia kwa kichwa."

"Na wewe ukarudi ndani."

"Nusu kichwa, mdogo wangu. Ungefanyaje?"

Machozi yalimtoka kinyozi, lakini aliendelea kunyoa. Mteja aliinuka akiwa amenyolewa vizuri, akajitazama kwenye kioo, akasema hata shangazi yake alikuwa anakaa bondeni, na kwamba siku zisizo na mawingu huwa anapata harufu ya sabuni yake.

Kituo kilikuwa na simu za upepo mbili, za kuzungumza na gari linapokwenda kufuata visanduku. Mguu-na-Njia alichukua moja, akaifunga chini ya puto la asubuhi pamoja na betri za akiba, nyuzi, sindano na chumvi kidogo. Aliongeza gesi ili uzito usilikwamishe. Kisha akatembea nje na simu ya pili, akizunguka banda, akazunguka mlingoti wa bendera, akazunguka gari. Polepole alihesabu mizunguko kwa vidole mpaka vidole vikamwishia, akaacha.

Simu ikakwaruza.

"Haloo? Nani anaongea humu?"

"Mama!"

"Ahaa, ni wewe. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula umesimama. Naisikia pumzi yako. Kaa."

Alikaa kwenye ngazi za banda. Baada ya sentensi chache alikuwa amesimama tena, lakini alikuwa amejaribu.

Mama alieleza kwa sauti ileile aliyokuwa akielezea wateja kwa nini sare itachelewa. "Walikuja wakasema sogeeni kidogo, tunasafisha. Tukasogea hadi barabarani. Hapo wakasema ni hifadhi ya barabara. Tukasogea hadi uwanja wa mpira, kumbe una mwenyewe. Kando ya reli, kuna mwenyewe. Makaburini, kuna mwenyewe. Kila tulipotua mizigo alitoka mtu na karatasi. Basi tukawa tunakwenda tu, watoto wanalia, na mtu akichoka haangalii anakanyaga nini. Nilipotazama chini nikaona bati la kibanda cha kaka yako, kutu tupu. Mwambie abadilishe."

"Hamkuogopa kuanguka?"

"Tuangukie wapi? Huko chini kote kuna wenyewe."

Mguu-na-Njia aliangalia juu. Anga ilikuwa ya buluu, haina doa.

Maisha huko, alisema mama, hayakuwa mabaya sana. Nguo zilikauka kabla hujamaliza kuzianika. Upande wa jua palichoma, upande wa kivuli maji yaliganda kwenye ndoo, kwa hiyo walijifunza kugeukageuka. Palinukia kama pasi ya umeme. Mzee wa nyumba ya tatu aliacha kukohoa, lakini mtoto wa binti yake ndiyo kwanza alianza. Kuku walitaga mayai mepesi yaliyotaka kushikiliwa. Maputo ya kituo yalikuwa yakipita katikati ya mtaa asubuhi na jioni, na watoto waliyadaka uzi wakayachezea kabla ya kuyaachia. Mama alishawagombeza sana, maana alijua kuna watu wanangoja kazi yao chini. Mahali hapo waliendelea kupaita bondeni. Jina lingine hawakuwa nalo.

"Mama, shuka," alisema Mguu-na-Njia. "Nitatuma puto kubwa na mwavuli mkubwa. Utakaa kwangu. Chumba kipo."

"Na majirani je?"

"Mama."

"Chumba chako kinaingia watu wangapi?"

Mguu-na-Njia aliuzunguka mlingoti wa bendera.

"Tuma sabuni," mama alisema. "Na uzi mweusi. Shule zinafunguliwa."

Kwa muda puto liliruka na mizigo. Watu waliokuwa na ndugu juu walikuja kituoni asubuhi na vifurushi vidogo, wakavipima kwenye mizani ya kupimia gesi, wakaulizana habari za nyumbani. Kinyozi alileta dawa ya kifua na wembe mpya, kisha akasimama kwenye majani akitazama puto likipaa, mkono umeshika shingo yake mwenyewe. Simu ilisikika vizuri siku za upepo mtulivu. Siku betri zilipoisha, walisubiri puto linalofuata.

Mguu-na-Njia alidhani sasa roho yake ingetulia. Haikutulia. Alijua mama yuko wapi, na kujua huko kulimwasha kuliko kutokujua. Alipolala aliota anapanda ngazi. Siku moja aliacha chai ikipoa mezani, akashika njia hadi ofisi ya ardhi, akamkuta bwana ardhi mwenyewe.

"Watu wa bondeni wamepatikana," alisema.

Bwana ardhi aliweka kalamu chini. "Wako hai?"

"Wako hai."

"Wana pa kulala?"

"Wako angani, mheshimiwa. Juu ya mawingu. Hewa ni nyembamba."

"Lakini wanapumua."

"Wanapumua kwa shida. Kuna mtoto anakohoa. Nimekuja ili warudishwe kwao. Bonde liko tupu, lina majani tu."

Bwana ardhi aliinuka akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia. "Hujui umetusaidia kiasi gani," alisema. "Suala hili limetunyima usingizi. Kumbe watu wameshapata mahali!"

Juma lilelile lilibandikwa tangazo mlangoni mwa ofisi, kwamba wakazi wa bondeni wamepata makazi mbadala yenye hewa safi na mandhari ya kuvutia. Gazeti lilichapa picha ya anga. Faili likafungwa. Na kwa kuwa faili limefungwa, uzio wa bondeni ukaondolewa na mafundi wakaanza kuchimba misingi. Zilikuwa nyumba za wakubwa wa mamlaka. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mkuu wa kituo, ambaye alipenda kukaa karibu na kazi.

"Na majiko je?" Mguu-na-Njia alimuuliza. "Si ulisema gesi na majiko haviwezi kuwa jirani?"

"Hizi zina majiko ya ndani," alisema mkuu.

"Hata ya kwetu yalikuwa ndani. Mvua iliponyesha."

Mkuu alizipanga upya kalamu zake mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawapa watoto wa wafanyakazi maputo yaliyoharibika, na msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kufika. Alisema nyumba alipangiwa, hakuiomba, kisha akasema lazima arudi kwenye mistari yake, kwa sababu mistari ilikuwa imeharibika vibaya.

Na kweli ilikuwa imeharibika. Vituo vya nchi nyingi vilikuwa vikibadilishana vipimo vya tabaka la juu, na mabingwa wa huko nje walianza kuuliza kwa nini juu ya kituo hiki kimoja kuna unyevu wa nguo zilizofuliwa, joto la vyungu, na saa nyingine, wakati wa kufunga masomo, mtikisiko wa hewa kama wa watoto wanaokimbia. Mkuu aliwajibu kwa ukweli kwamba kuna watu. Mabingwa walimshukuru kwa ufafanuzi. Walisema hawana tatizo na watu, ila hewa ya tabaka hilo hupimwa ikiwa peke yake, na kama haiwezekani, kituo kitatolewa kwenye mpango wa utafiti.

Mamlaka ilikaa kikao. Iliamuliwa watu waombwe kusogea.

"Kituo ndicho kihame," alisema Mguu-na-Njia mbele ya kikao, amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. "Kuna kilima kingine ng'ambo ya mto. Banda la gesi linafunguliwa kwa bisibisi. Nitalibeba mimi."

"Kituo hakiwezi kuhama," alisema bwana ardhi kwa upole. "Kina msingi."

"Mimi siwaambii wasogee. Mwambieni mama yangu ninyi wenyewe."

Wakatazamana. Mwishowe mkuu wa kituo akachukua simu ya upepo, akatoka nayo nje, akasafisha koo. Bwana ardhi alisimama nyuma yake na koti lake zuri. Mguu-na-Njia alikuwa akitembea kutoka banda hadi mlingoti na kurudi, akisikia maneno kila anaporudi.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mama iliuliza.

"Mkuu wa kituo, mama. Shikamoo."

"Marahaba! Bosi wa mwanangu. Hebu niambie, huyo mtoto anakula?"

"Anakula, mama." Mkuu alifuta jasho. "Mama, mnaombwa msogee kidogo. Maputo yetu yakipita hapo yanawapima ninyi badala ya hewa."

Simu ilikwaruza. Kwa mbali ilisikika cherehani ikisimama.

"Kidogo kiasi gani?"

"Hadi pale ambapo maputo hayafiki."

"Kuna baridi huko?"

Mkuu alikuwa mwanasayansi, hakuweza kusema uongo juu ya jambo hilo. "Hapana, mama. Kuanzia hapo mlipo, kadiri mtu anavyopanda joto huongezeka. Hewa ndiyo hupungua."

"Haya," alisema mama. "Tupeni nafasi tuanue nguo."

Mkuu akarudisha simu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya watu. Bwana ardhi alisema yule mama ni mwelewa sana, na laiti wananchi wote wangekuwa vile.

Kesho yake Mguu-na-Njia hakwenda kazini. Alijifungia chumbani akaizunguka meza. Mkuu alilazimika kurusha puto mwenyewe, na kwa kuwa hakuzoea, lilijipigiza kwenye mlingoti likapasuka. Kinyozi alikuja jioni akagonga mlango.

"Kama hurushi wewe, betri hazifiki," alisema. "Wakianza kupanda bila betri, tutajuaje wameishia wapi?"

Mguu-na-Njia alifungua mlango. Alikuwa amevaa gauni la pamba.

Walianza kupanda siku iliyofuata. Aliwafuata kwenye kompyuta kwa puto la asubuhi na la jioni, na hakuna mtu kituoni aliyehitaji kuelezwa kile mstari ulichokuwa unasema. Unyevu ulihama juu kidogo, ukasimama, ukahama tena. Mahali fulani ulisimama kwa maputo mawili mazima, na joto likapanda kama la watu waliokaa wamebanana. "Wamepumzika," alisema Polepole, akavua kofia. Kisha mstari ukaendelea. Simu ilileta maneno machache yenye pumzi nyingi katikati: mzee amebebwa na kijana wa jirani, cherehani inapokezanwa, mtoto wa kikohozi amelala. Halafu mstari ukafika ukingo wa juu wa mchoro, pale maputo yanapopasukia, ukatoka nje. Chini yake kila kitu kilinyooka, kikavu, safi. Mkuu alitazama mchoro huo kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kuuona. Kituo kikabaki kwenye mpango wa utafiti.

Simu ikawa kimya.

Ndipo Mguu-na-Njia akaanza kufanya kazi kwelikweli. Aliyachagua maputo yenye ngozi nyembamba, akayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu hadi yakalainika kama ngozi ya mtoto. Alikwangua kisanduku ndani na nje, akatoa kifuniko, akatoa kila skrubu ambayo haikuwa na kazi. Mwavuli aliushona upya kwa hariri, akiirudisha kila nukta ya tatu, na uzi akiukata kwa meno. Maputo yalipita mahali pa kawaida pa kupasukia, yakaenda zaidi. Siku nyingine yalirudi na habari za hewa ambayo kituo hakikuwahi kuigusa. Mabingwa wa nchi za nje waliandika kwa furaha. Hakuna kituo chochote, walisema, kilichokuwa kinarusha maputo madogo hadi kimo hicho. Walitaka kujua siri.

Mkuu wa kituo alitunukiwa ngao. Katika sherehe, iliyofanyika kwenye ukumbi wa nyumba yake mpya bondeni, alisema mafanikio haya si yake, ni ya timu nzima, na hasa ya dada mmoja asiyejua kukaa. Watu wakageuka wamtazame. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa kilimani, kwa sababu siku hiyo upepo ulikuwa mtulivu na alikuwa ameachia puto jembamba kuliko yote, na chini yake hakukuwa na kipimo hata kimoja. Kulikuwa na betri tu.

Alizunguka banda. Alizunguka mlingoti. Kutoka bondeni walisikika wakubwa wakipiga makofi.

Simu ikakwaruza kwa muda mrefu, kisha ikaongea.

"Mwanangu."

"Mama. Mmefika?"

"Tumefika, tumefika. Mbingu nyeusi, nyota mchana. Watoto hawajui walale saa ngapi." Mama alivuta pumzi, akatulia, akavuta nyingine. "Yule mdogo wa kikohozi hatukufika naye. Tulimwacha pale tulipopumzika."

Mguu-na-Njia alisimama. "Poleni, mama."

"Tumeshapoa. Mama yake bado. Sikiliza. Kuna mgeni amekuja leo asubuhi. Kijana mwenye adabu, shati jeupe. Tumemkaribisha chai."

"Mgeni gani? Amefikaje huko?"

"Kwa miguu, kama sisi. Anasema ametumwa tu, hajui zaidi. Ana kamba na vigingi. Hivi sasa yuko nyuma ya nyumba anapima."

Mguu-na-Njia aliishika simu kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyesomea mambo haya," alisema mama. "Juu ya hapa kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Hata hewa hakuna."

Mama alifikiri. Nyuma yake mtu alikuwa akigongomea kigingi, polepole, kwa nafasi.

"Tutazoea," alisema.

Betri zikaisha. Mguu-na-Njia aliweka simu kwenye ngazi, akavua pete, saa na hereni, akaenda kufungua milango ya banda pande zote mbili. Puto la jioni lilikuwa bado kujazwa.